Fadhila ya Punda, Mateke ya Nani?

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu mlio nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao najua mmekuja kwa kuwa mmesikia kuna halua na kahawa. Kahawa ipo. Italetwa nikimaliza, na ndiyo maana birika nimeliweka karibu yangu.

Wanaonijua wanajua nitakachosema. Mwaka jana nilisema, mwaka juzi nilisema, na kwenye harusi ya mwanangu nilishikwa mkono nikakalishwa kabla sijafika mwisho. Leo nitafika.

Nina ugomvi na methali. "Fadhila ya punda ni mateke." Hapana hata mmoja humu ambaye hajaisema. Umemtendea mtu wema, amekulipa ubaya, unatikisa kichwa: ah, fadhila ya punda hiyo. Lau ingesemwa na baharia ningemsamehe. Lakini tunaisema sisi wa Lamu, tena sisi wenye punda!

Hebu tuhesabu. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wageni wanakuja wanapiga picha milango ya nakshi, na milango ni mizuri, sikatai. Lakini vichochoro vyetu haviingii gari. Mawe ya matumbawe, mchanga, chokaa, siku hizi saruji, vikishuka jahazini vinapanda mjini kwa mgongo wa nani? Ada ya shule ya wanangu wanne imetoka kwenye mchanga. Mke wangu akipakua wali mchana, wali ule umepita mgongoni mwa punda kabla ya kupita sufuriani. Tukishashiba, tunapiga mbeuo, tunasema punda hana fadhila.

Sasa nisikilizeni, na waliokwisha kuisikia hii wavumilie.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa na punda jike akimwita Tajiri. Watu wakimcheka: tajiri ni yule anayekuajiri, wewe unamwita hivyo mnyama? Akiwajibu, "Siku asipoamka yeye, mimi naenda kazini kwa nani?" Basi nyumbani kwetu Tajiri akirudi alikunywa maji kabla ya mtu yeyote kula. Tena si kibakuli. Punda wa kazi kwenye jua hili hunywa lita 10, na siku ya joto kali hufika 25, na maji yale tuliyateka kisimani kwa mkono, mimi na dada yangu. Mama hakufunua kawa mpaka asikie ndoo tupu ikigonga sakafu uani. Tulinung'unika sana. Chakula kilipoa, samaki akaganda mafuta, nasi tunamngoja punda amalize kunywa.

Siku moja tuko gatini tunapakia mchanga. Nimetandika mimi mwenyewe, najiona mtu mzima. Tajiri akagoma. Nikamvuta, akalaza masikio nyuma. Nikampiga fimbo, akageuka akanielekezea ubavu, akasimama vile vile. Nikampiga ya pili. Hapo ndipo aliponitia teke la paja, nikaenda kuketi juu ya mchanga wa watu. Nikalia, na katika kulia kwangu neno lililonitoka ni hiyo hiyo methali, maana nilikwishafundishwa.

Nikamngoja baba aje aninyanyue. Baba akanipita. Alikwenda kwa punda, akalegeza kamba ya tumboni, akateremsha shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, akainua gunia la chini, akapitisha kiganja mgongoni polepole kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kitandani. Akatoa kipande cha tumbawe, hakikuzidi kokwa ya tende. Ndipo akaja kwangu. Akakitia mkononi mwangu, akanifumba vidole, akakaza.

"Amekwambia mara ngapi kabla ya teke?"

Nikasema hakuniambia kitu. Akazidi kukaza. Nikasema: mara tatu.

Mpaka leo sitandiki kabla ya kupitisha kiganja. Wanangu wote ni hivyo, na mjukuu wangu wa miaka sita ambaye bado hajapewa punda anampapasa paka.

Na punda, jamaa zangu, ni mnyama wa kuficha maumivu. Hapigi kelele kama mbuzi. Atasimama peke yake, kichwa chini, ataacha majani. Wewe utasema amepumzika. Ukingoja mpaka akupige teke ndipo ujue anaumwa, hilo teke ni barua ya mwisho, za kwanza hukuzisoma.

Najua kuna anayesema kimoyomoyo: mzee, haya ni mambo ya Wazungu. Kwamba zahanati ya punda ilifunguliwa na Waingereza mwaka 1987, na huruma ikashuka nayo. Zahanati naishukuru, imemtibu punda wangu tumbo bila kunidai senti. Lakini baba yangu alinifumba vidole zahanati haijakuwapo. Na mbele ya baba yangu yuko Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyempita punda aliyechomwa alama usoni, akamlaani aliyemchoma. Imo katika Sahih Muslim. Haikuja kwa meli ya Mwingereza.

Mwingine atanitolea Sura Luqman, kwamba sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Kweli tupu, na ninaoishi nao wanalia saa tisa za usiku, siwezi kubisha. Lakini aya inakuambia wewe ushushe sauti yako. Wapi imekuambia umpige fimbo?

Na mimi nitakutolea Al-Adiyat. Mimi si sheikh. Sheikh ameketi pale, atanisahihisha. Sura inaanza kwa kiapo, na wafasiri wengi wanasema wanaoapiwa ni farasi: wanakwenda mbio wakihema, kwato zinatoa cheche, wanashambulia alfajiri, wanatimua vumbi, wanajitosa katikati ya maadui. Aya tano za farasi. Ya sita inasemaje? Hakika mwanadamu ni mtovu wa fadhila kwa Mola wake. Mnaisikia? Farasi anaingia vitani kwa ajili ya mtu anayempa majani. Mnyama ndiye aliyeapiwa, mtovu wa fadhila ni mwenye kumpanda. Na neno ni lile lile, fadhila! Sisi tukaligeuza, tukambandika punda.

Naona sheikh anatabasamu, sijui kwa kukubali au kwa saa. Haya. Nilikuwa na mengine, nitayapitia mbio kama hao farasi. Kwato zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 10, msingoje zipinde kama viatu vya sultani. Kamba ya nailoni isigusane na ngozi, funikeni kwa kitambaa, vitambaa majumbani vimejaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na bado punda wetu wanaokota plastiki jalalani, wanakufa matumbo yameziba. Maganda ya matunda wekeni kando, mpelekeeni kwa mkono. Punda mzee asitupwe mtaani: akitunzwa anapita miaka 30, na hiyo ndiyo nyumba yake, hana nyingine.

Na ngozi. Hii inanitia hasira kwa hiyo nitaifupisha. Sheria ya Kenya ikaruhusu kuchinja punda mwaka 2012, machinjio yakafunguliwa kuanzia 2016, serikali ikafunga 2020, mahakama ikafungua 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika pale Addis Ababa wakakataza bara zima punda asichinjwe kwa ajili ya ngozi. Ngozi inachemshwa Uchina kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Mimba ya punda ni kama miezi 12, na mtoto ni mmoja. Atakayekujia usiku na bei nzuri, mpigieni hesabu hiyo, kisha mfungieni mlango.

La mwisho nililotaka kusema ni kuhusu watoto wa… Ah. Wewe kijana uliyeingia sasa hivi, karibu, marahaba. Lakini usiketi. Punda uliyemwacha hapo mlangoni ana shogi mbili za mchanga mgongoni. Kamteremshie kwanza. Sisi tunakungoja, na kahawa nayo inakungoja.