Mkasa juu ya mkasa: mayatima wa Baudelaire kutoka kitabuni hadi kwenye skrini

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Mwanaidi, na Baraka yupo hapa pembeni yangu na daftari lake. Leo tunayo tamthilia ya watoto ambayo wimbo wake wa kwanza unatusihi tugeuze macho, tusiitazame.

BARAKA: Na anayeuimba ni Neil Patrick Harris mwenyewe, ndiye anayeigiza mtu mbaya. Maneno ya wimbo yanabadilika kila wanapoanza kitabu kipya. Jamani, A Series of Unfortunate Events! Mimi ningeiita Mfululizo wa Mikasa. Imetokana na vitabu 13, cha kwanza kilitoka mwaka 1999, cha mwisho Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 2006. Aliyeviandika ni Mmarekani, Daniel Handler, ila jaladani utakuta jina Lemony Snicket. Na huyo Snicket ndiye msimuliaji, naye ana machungu yake ndani ya hadithi hiyohiyo.

MWANAIDI: Kwa asiyeijua: watoto watatu wa ukoo wa Baudelaire, Violet, Klaus na Sunny, ambaye bado mchanga lakini ana meno makali ajabu. Nyumba yao inaungua, wazazi wanafia humo. Wanapelekwa kwa mlezi mmoja, halafu mwingine, na kila wanakokwenda yule mtu mbaya, Count Olaf, anawafuata kwa ajili ya mirathi yao.

BARAKA: Na hakuna mtu mzima anayewasikiliza.

MWANAIDI: Hapo hasa. Nitaparudia mwishoni, nina jambo langu.

BARAKA: Sawa. Mimi nianze na filamu ya 2004, maana watu wengi waliijua hadithi kupitia ile, Jim Carrey akiwa Olaf. Ilipata Oscar ya vipodozi vya uigizaji, na kwa macho ilikuwa nzuri kweli. Lakini walichukua vitabu vitatu wakavibana ndani ya muda usiofika saa mbili. Mlezi anatokea, hujamzoea, ameshakufa. Utamlilia vipi mtu uliyekaa naye dakika ishirini?

MWANAIDI: Kwenye tamthilia yetu ya leo, Netflix walitoa sehemu mbili kwa kila kitabu, isipokuwa cha mwisho. Jumla sehemu 25, kuanzia Januari 2017, Ijumaa ya tarehe 13 tena, hadi Januari 1, 2019.

BARAKA: Na kuna jambo linanigusa hapa. Mwongozaji Barry Sonnenfeld alitakiwa kuiongoza ile filamu, akaondoka kabla haijapigwa. Handler naye aliandika rasimu nyingi za mswada, mwishowe kazi akapewa mwingine. Miaka inapita, wawili hao wanakutana tena kwenye tamthilia. Kwa hiyo unapoitazama unaona kazi ya watu waliokaa na hadithi hii kifuani muda mrefu.

MWANAIDI: Unaiona kwa msimuliaji. Kwenye filamu Snicket ni sauti tu, na kivuli cha mtu anayepiga taipu. Kwenye tamthilia Snicket ni mwigizaji Patrick Warburton, anaingia katikati ya tukio, suti yake nadhifu, sauti haipandi wala haishuki. Watoto wanahangaika nyuma yake, hawamwoni. Anatugeukia sisi, anatueleza maana ya neno gumu, anatuambia kwamba mambo yatakuwa mabaya zaidi, kisha anapita.

BARAKA: Mtambaji kabisa yule.

MWANAIDI: Ee! Mimi nililelewa na bibi Tanga. Akishasema paukwa, sisi pakawa, basi zimwi likianza kumnyemelea mtoto msituni bibi yuleyule anakatiza hadithi: "Mnasikia wanangu? Hapo ndipo alipokosea." Tunatetemeka, lakini sauti ya bibi ipo. Ungemtoa bibi ukatuachia zimwi peke yake, nani angelala usiku ule?

BARAKA: Na ndiyo maana anaweza kukuambia mapema nani atakufa. Yule Mjomba Monty, mtaalamu wa nyoka, mlezi mwenye upendo kuliko wote. Snicket anakuonya mapema kabisa kwamba atakufa. Nilidhani uhondo umeharibika. Kumbe kila kicheko cha Monty kinakuuma, kwa sababu wewe unajua na watoto hawajui.

MWANAIDI: Sasa tugombane kidogo. Wale wazazi.

BARAKA: Aah, wazazi. Wasikilizaji, kama hamjatazama msimu wa kwanza, rukeni dakika moja.

MWANAIDI: Tamthilia inatuonyesha baba na mama waliotekwa, wanaoigizwa na Will Arnett na Cobie Smulders, wanapambana warudi kwa watoto wao. Kwenye vitabu hili halipo. Wewe unayetazama unaamini ni wazazi wa kina Violet, kwamba hawakufa. Sehemu baada ya sehemu, matumaini yanakua. Kisha mlango unafunguliwa, na watoto walio ndani ni wengine kabisa, pacha watatu wa ukoo wa Quagmire. Baraka, niliizima. Nililia. Niliona nimetapeliwa.

BARAKA: Mimi naitetea. Aliyesoma vitabu alikuwa anajua kila kitu. Utampaje uchungu upya? Violet na Klaus siku zote wanabaki na kichembe cha tumaini kwamba labda kuna kosa. Kwa sehemu zile saba wewe umekuwa na kichembe kilekile. Umefiwa pamoja nao, kwa kuchelewa kidogo.

MWANAIDI: Lakini Snicket alituahidi kutuambia ukweli. Siku ya kwanza kabisa alisema wazazi wamekufa.

BARAKA: Na hakudanganya hata mara moja. Rudi ukasikilize. Ni sisi hatukutaka kumsadiki.

MWANAIDI: ... Hilo sikulifikiria.

BARAKA: Kuhusu Olaf, wapo wanaosema Harris anachekesha mno, hatishi. Siafiki. Olaf ni mwigizaji mbovu. Anavaa ndevu bandia, anavaa gauni na kujiita Shirley, hata mtoto wa chekechea angemtambua, na ana alama ya jicho kwenye kifundo cha mguu. Watu wazima wanamwamini! Kicheko na hofu vinatoka mahali pamoja. Ukimfanya ajifiche vizuri, watu wazima wanapata udhuru. Ndevu zikiwa zinabanduka mbele ya macho yao, hawana udhuru tena.

MWANAIDI: Na kile chumba Olaf anachowapa watoto wanapokaa kwake. Kwenye kitabu nilisoma mara mbili. Watoto watatu, kitanda kimoja. Hakuna vya kuchezea, kuna kirundo cha mawe. Violet anashusha mapazia yenye vumbi dirishani, anayakunja kumtengenezea mdogo wake mahali pa kulala. Ana miaka kumi na minne. Wiki chache nyuma alikuwa mtoto wa mtu, sasa anatandika kitanda cha pazia.

BARAKA: Sisi tunamjua Violet. Wapo kila mtaa.

MWANAIDI: Ndilo jambo langu. Shemeji yangu alifariki, akamwacha mtoto wa miaka minane. Wakubwa tukakaa tukakubaliana: aambiwe baba amesafiri. Mimi nilikuwepo, sikusema kitu. Msiba uko nyumbani, turubai limefungwa, watu wanakula wali kwenye sinia, na mtoto anaambiwa safari.

BARAKA: Pole sana, dada.

MWANAIDI: Ahsante. Miezi baadaye yuko kwangu likizo, tunatazama sehemu ya kwanza. Watoto wako ufukweni, ukungu umetanda, anatokea Mr. Poe wa benki na kikohozi chake. Anawaambia wazazi wenu wameangamia katika moto. Wako kimya. Naye anaanza kuwafafanulia: kuangamia maana yake ni kufa. Na Klaus anamjibu kwamba wanajua maana ya neno hilo.

BARAKA: Pale mimi huwa nacheka, halafu koo linakaza.

MWANAIDI: Yule mtoto hakucheka. Alisema, "Shangazi, rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Mara ya tatu alipofika Klaus, akasema naye pamoja, kwa Kiswahili, taratibu: "Tunajua."

BARAKA: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Nilizima tivii. Nikamwambia baba yake amezikwa wapi, na Jumapili yake tukapanda basi tukaenda.