Pumzi ya Mto Lukuledi: mhadhara uliotolewa Lindi mjini

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Leo nazungumzia maji machafu yanayotoka kwenye kutengeneza pombe. Najua wengi humu hamnywi pombe. Lakini mto ni wa mnywaji na asiyekunywa, kwa hiyo nivumilieni.

Samaki wakielea karibu na mtaro wa kiwanda cha bia, watu husema wamemwagiwa sumu. Mara nyingi kilichomwagwa ni chakula! Maji yale yamebeba sukari ya shayiri, wanga, chachu na bia iliyobaki mapipani. Bakteria wa mtoni wakikipata huzaliana mno, na wanapokila humaliza oksijeni. Mmewahi kumwona perege ametoa mdomo juu ya maji, anahema? Anatafuta pumzi.

Tupige hesabu. Lita moja ya maji hayo yasiyosafishwa huweza kuhitaji miligramu 1,500 za oksijeni, pengine zaidi. Lita ya maji ya mto, kwa joto letu, ina kama 7 na nusu tu. Basi lita moja chafu inamaliza pumzi ya lita 200. Ndoo ya lita 20? Lita 4,000. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka lita ya maji yanayomwagwa isihitaji zaidi ya miligramu 30.

Viwanda vikubwa vina dawa yake. Miaka ya 1970 Mholanzi Gatze Lettinga, wa chuo cha kilimo cha Wageningen, alibuni tangi ambalo maji huingilia chini na kupanda taratibu katikati ya tope la bakteria wasiohitaji oksijeni. Wanakula uchafu, wanatoa biogesi ya kuwashia boila. Baadaye maji hupulizwa hewa kumalizia kilichobaki.

Hata hivyo, mimi naona kazi kubwa ni kabla ya mtaro. Machicha ya shayiri yaende kwa ng'ombe, chachu ikusanywe.

Na sisi wa uraka, pombe ya mabibo? Msimu uliopita nilisimama nyuma ya kilabu kimoja. Mtaroni makapi ya mabibo yameoza, utando wa kijivu juu, harufu ya mayai viza. Niliumia, maana mtaro ule unateremka Lukuledi, na Lukuledi unaingia ghubani, kwenye mikoko wanakokulia kamba tunaowavua.

Mama zangu, chujeni maji machafu kwa gunia. Makapi yafukieni shimoni, yawe mboji ya mikorosho. Pipa likombeni kwanza, ndipo mlioshe kwa maji kidogo. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale kilabuni na gunia langu. Anayetaka kujaribu aje na ndoo.