Upeo wa macho uko wapi? Kusoma hisia katika picha ya mandhari

Mabibi na mabwana, mtu akionyeshwa picha ya mandhari, neno la kwanza kumtoka huwa "huzuni" au "utulivu". Neno hilo liwekeni akiba. Kwanza tafuteni upeo wa macho, yaani mstari ambapo anga hukutana na nchi au bahari. Ukiwa chini, anga hutawala na kilicho ardhini hudogoka. Ukiwa juu, nchi huja mpaka miguuni pa mtazamaji na kumbana.

Chukueni picha ya mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich ya mtawa kando ya bahari, aliyoichora kati ya 1808 na 1810. Upana wake ni karibu mita 1.7, na zaidi ya robo tatu ni anga tupu. Mtawa ni kijiti cheusi tu. Uchunguzi wa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, umefichua kwamba Friedrich alikuwa ameweka merikebu baharini, kisha akazifunika kwa rangi. Merikebu zingelipa jicho mahali pa kutua na kipimo cha umbali. Zilipoondoka, jicho linatangatanga. Kwa hiyo ulizeni pia: ni nini kingetazamiwa hapa, nacho hakipo?

Kivuli kirefu husema jua li chini, hakisemi kama ni macheo au machweo. Tazameni ng'ombe: wanatoka zizini au wanarudi? Rangi nazo zisomwe pamoja na jirani zake, maana kijivu kando ya rangi ya chungwa huonekana buluu. Na tahadharini na vanishi kuukuu, ule utando angavu unaopakwa juu ya picha: hugeuka njano, ikafanya anga ya buluu kuwa ya kijani, na asubuhi ya mchoraji mkaiita jioni.

Kosa kubwa zaidi ni kusoma wasifu wa mchoraji badala ya picha. Picha ya shamba la ngano lenye kunguru ya mchoraji Mholanzi Van Gogh, ya Julai 1890, mwezi aliofariki, wengi huiona kuwa kwaheri kwa sababu wameambiwa ndiyo picha yake ya mwisho. Siyo, ya mwisho huhesabiwa kuwa ile ya mizizi ya miti, ambayo hakuimaliza. Tena, kuhusu mashamba yale, barua yake ilitaja huzuni na upweke, ikataja pia afya na nguvu aliyoiona mashambani.

Wekeni kando kifo chake, mtazame upya. Njia ni tatu, na ya katikati inapotelea ndani ya ngano. Kunguru, je, wanakuja au wanakwenda? Brashi haikuamua.