Confucius, Chama na majeneza ya wazee wa Jiangxi

Haya jamani, wa kule nyuma mnanipata? Poa. Mada ni jinsi serikali ya China inavyofufua mila za kale, na naanza na Novemba 1966 kwa sababu mwezi ule peke yake unaeleza nusu ya mambo. Mwezi huo Walinzi Wekundu, wale vijana wa Mao, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, walitoka Beijing wakashuka Qufu, mkoa wa Shandong, mji wa kwao Confucius, yule mwanafalsafa wa kale, wakabomoa sanamu, wakapasua mawe ya kumbukumbu, wakafukua makaburi ya ukoo wake wa Kong, ukoo ambao umezikana pale zaidi ya miaka elfu mbili. Na mwezi huohuo, ng'ambo kule Taiwan, Chiang Kai-shek, mpinzani wa Mao aliyekimbilia huko, akatangaza kampeni ya kufufua utamaduni wa China, ili dunia ione yeye ndiye China halisi na wale wa bara ni wavunjaji tu. Mzee mmoja huyohuyo, huku anafukuliwa kule anapambwa, na pande zote mbili ni siasa.

Sasa rukeni miaka arobaini hivi. Chama kilekile kilichobomoa ndicho kinachojenga. Mwaka 2008 sikukuu tatu za jadi zikawa mapumziko rasmi, ile ya kufagia makaburi, ya mashua za dragoni na ya mwezi mpevu, na ili siku zipatikane wakaikata likizo ya Mei Mosi kutoka siku saba hadi tatu. Yaani chama kinachojiita cha wafanyakazi kinapunguza sikukuu ya wafanyakazi ili watu wakafagie makaburi ya mababu, hebu fikirieni hiyo! Ila watu walikuwa wanakwenda makaburini kabla ya ruhusa, serikali ilikuja kubariki kitu kilichokuwa kinaendelea.

Na msidhani wakubwa wote walikuwa na mawazo mamoja. Januari 2011 likasimamishwa sanamu la shaba la Confucius, mita 9.5, mbele ya Makumbusho ya Taifa, pale Beijing pembeni ya uwanja wa Tiananmen, jirani kabisa na picha ya Mao. Aprili watu wanaamka, mzee hayupo, kahamishiwa uani ndani ya makumbusho. Halafu Novemba 2013 kiongozi wa China, Xi Jinping, huyo Qufu, anashika vitabu vya Confucius mbele ya kamera anasema atavisoma kwa makini, na Januari 2017 Chama na serikali wakatoa waraka mkubwa wa kurithisha "utamaduni bora wa jadi", mashuleni, kwenye TV, kwenye majumba ya sanaa, kila mahali, na lengo likawekwa 2025.

Kwa nini sasa? Sababu ni nyingi ila mbili ndizo nzito. Moja, baada ya mageuzi ya uchumi ya 1978 watu wakaanza kutafuta hela na ile imani ya kimapinduzi ikapoa, sasa ukitaka watu waendelee kukutii lazima uwe na kitu cha kuwaambia, na Confucius ana mengi ya kusema kuhusu utulivu na kila mtu kujua nafasi yake. Mbili, wazee. Familia za mtoto mmoja, mtoto mwenyewe kaenda kiwandani Guangdong, mama kabaki kijijini, nani amtunze? Tangu Julai 2013 kuna sheria inayosema watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Sheria kabisa! Ukiona bunge linatunga sheria ya kumsalimia mama yako ujue hali imekuwa ngumu.

Hoja yangu ni hii: Chama kinarudisha kile ambacho kinaweza kushika usukani wake, na mila ikiwa na mwenyewe mwingine, ukoo, hekalu, wazee wa kijiji, hapo ndipo mvutano unaanza. Hekalu la Shaolin, la watawa wa Kibuddha wenye kung fu yao, mwaka 2018 likapandisha bendera ya taifa, kwa sherehe na gwaride. Hata historia inapita kwenye chujio hilo. Admirali Zheng He wa China sisi wa pwani tunamjua, safari zake ndizo zilizofungua njia, Malindi ikapeleka twiga hadi ikulu ya wafalme wa Ming kule China mwaka 1415, wakubwa kule wakamtazama yule mnyama wakasema ni qilin, kiumbe wa hadithi anayetokea mfalme akiwa mwema. Tangu 2005 China ina siku ya bahari, Julai 11, kwa heshima ya safari hizo, na kila sherehe utaambiwa alikuja kwa amani. Kwetu, ndiyo. Lakini Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1411, alipigana vita akamkamata mtawala wao akampeleka China, na hiyo mimi sijaisikia kwenye hotuba yoyote ya maadhimisho.

Mila nyingine zikijitokeza zenyewe zinazimwa, na mara nyingine nakubali kabisa zizimwe. Fushun, mkoa wa Liaoning, kulikuwa na shule ya "utamaduni wa jadi" inayowafundisha wanawake kwamba mume akikupiga usimrudishie. Video ikasambaa, Desemba 2017 serikali ikaifunga. Safi.

Lakini Jiangxi sasa. Vijijini kule mzee anatengenezewa jeneza lake angali hai, mbao nzuri, linapakwa rangi, linakaa ndani ya nyumba, na mwenye nalo analala usingizi mzuri kwa sababu anajua safari yake imeandaliwa. Wengine wamelidundulizia hela miaka. Mwaka 2018 maofisa wa mkoa, wanaotaka maiti zote zichomwe ili ardhi isiishe, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiyakusanya majeneza kwa maelfu, fidia kidogo, halafu wanayarundika kiwanjani na kijiko kinayaponda. Kuna bibi na babu waliojilaza ndani ya majeneza yao ili yasichukuliwe, wakatolewa kwa nguvu. Hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya ule waraka wa 2017, na kwa Confucius kumzika mzazi kwa heshima ni sehemu ya wema wa mtoto. Picha zikaenea, watu wakachemka, hadi gazeti la Chama lenyewe, People's Daily, likaukosoa ukatili ule. Likakosoa namna ilivyofanyika. Sera ya kuchoma ikabaki palepale.

Haya, dada wa hapa mbele umenyoosha mkono tangu kwenye Shaolin, uliza.