Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe nyumbani: anza na mtungi

Mwangaluka, ndugu zangu. Karibuni nyumbani, Isevya, hapa Tabora. Leo tunasafisha mkanda mmoja wa picha za nyeusi na nyeupe, yaani tunautia dawa ili picha zitokee, mwanzo hadi mwisho. Mkanda ni HP5 Plus wa Ilford, picha 36, nimeupiga stesheni ya reli asubuhi abiria wakishuka.

Kabla ya dawa yoyote, sogeeni muuone mtungi huu. Nimeujaza jana jioni nikauacha kibarazani penye upepo. Natumbukiza kipimajoto kwenye ndoo ya maji ya bomba: nyuzi 27. Sasa kwenye mtungi: 23. Mtungi unatoka jasho, upepo mkavu wa kiangazi unalikausha, na joto linaondoka nalo. Januari, mvua zikikolea na hewa ikijaa unyevu, hautapoza hivi. Hapo nunueni barafu ya mfuko, muiweke kwenye beseni nje ya chupa za dawa.

Dawa yangu ya kusafishia ni ID-11, ya unga. Nilishaikoroga lita nzima juzi, pakiti ya kwanza kisha ya pili, kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi, nikaiacha ipoe. Leo naichanganya nusu kwa nusu: mililita 150 za dawa, 150 za maji ya mtungi. Kwa mchanganyiko huu maelekezo yanasema dakika 13 kwa nyuzi 20. Mimi siifukuzii 20. Chumba kikiwa na joto la 29, dawa uliyoipoza hadi 20 itapanda tu ukiwa bado unahesabu dakika, na hesabu yako inakuwa ya uongo. Nachagua 24, kwa sababu 24 naweza kuishikilia: chupa zote zinakaa ndani ya beseni la maji ya nyuzi hizohizo. Kila nyuzi moja inayoongezeka, punguza muda kwa karibu sehemu moja ya kumi. Dakika 13 zinashuka hadi karibu 9.

Mtauliza kwa nini nisitumie dawa nzito, niokoe muda. Ikiwa haijachanganywa na maji, muda wake ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20; kwa 24 inabaki kama dakika 5. Muda ukiwa mfupi hivyo, dawa hushika huku kabla ya kule, na anga linatoka na mabaka. Kwenye joto letu, dawa nyepesi ndiyo inayokupa nafasi.

Mwanzoni sikuyajua haya. Mkanda wa harusi ya dada yangu niliusafisha mwezi wa Oktoba kwa maji yaleyale ya bomba, dakika 13 kamili kama ilivyoandikwa. Ulitoka mweusi tii. Gauni la bibi harusi halikubaki na hata mkunjo mmoja. Shangazi yetu alikuwa kwenye picha zile, na hatukuwahi kumpiga nyingine. Ndiyo maana jambo la joto nalirudia kila video.

Sasa kuuvalisha mkanda kwenye rili, kile kigurudumu cha kuuzungushia ndani ya tangi. Hapa hamtaona kitu, maana giza liwe totoro. Wazee waliofanya kazi studio watakumbuka taa nyekundu. Ile ilikuwa ya karatasi za kuchapia. Mkanda huu unaiona nyekundu vilevile, utaungua. Mimi nafanya usiku ndani ya stoo isiyo na dirisha, blanketi chini ya mlango, simu nimeiacha sebuleni. Nafungua kopo la mkanda kwa kifungulio cha soda, nakata ncha kwa mkasi, naingiza kwenye rili, nasokota kidogokidogo. Rili iwe kavu kabisa, na mikono pia. Ikinata, usiilazimishe, vuta pumzi, jifute jasho, anza upya. Fanyeni mazoezi mchana kwa mkanda ulioharibika, macho mkiwa mmeyafumba, hadi vidole vijue njia vyenyewe. Mkanda ukishaingia kwenye tangi, chombo kisichopitisha mwanga, na kifuniko kimefungwa, washa taa.

Namimina dawa, naanza saa. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10, ligonge mezani taratibu ili mapovu yatoke. Kisha kila dakika ikianza, mara 4 tena, halafu liache litulie ndani ya beseni. Dakika ya 9 inapokaribia kwisha naanza kumwaga. Dawa hii iliyochanganywa haitumiki tena.

Suuza kwa maji ya nyuzi 24, tikisa nusu dakika, mwaga.

Inafuata fiksa, dawa ya kuzifanya picha zisiharibiwe tena na mwanga, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, dakika 5, kwa mpinduo uleule. Nayo iwe na joto lilelile, kwa sababu mkanda ulioloa ni laini na mruko mkubwa wa joto unaweza kuukunja uso wake. Fiksa irudisheni kwenye chupa, inatumika tena kwa mikanda mingine. Ikichoka, isimwagwe karibu na kisima wala bustani, ina madini ya fedha ndani yake.

Kuosha hakuhitaji bomba wazi, na hapa kwetu maji si ya kuchezea. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Basi. Maji ya mwisho yawe na tone moja la sabuni ya vyombo ili matone yasikaushe alama.

Vumbi la Tabora mnalijua. Mwageni maji sakafuni bafuni litulie, ndipo mning'inize mkanda, kibanio kimoja cha nguo juu na viwili chini viuvute. Mlango ufungwe, watoto waambiwe.

Umeshakauka. Naukata vipande vya picha sita sita. Nakiinua kimoja dirishani: huyu ni mpagazi wa stesheni, gunia begani. Shati lake lilikuwa jeupe, hivyo hapa ni jeusi. Na mikunjo yake yote ipo, hadi ya kwenye kwapa.