Tusijenge madarasa kama mabehewa: maongezi na kamati za shule, Tabora

Mwangaluka wazee wangu, walimu wangu shikamooni, na nyie vijana mliosimama nyuma huko sogeeni, viti vipo. Mimi kazi yangu kuchora ramani, kwahiyo nitaongelea majengo tu.

Hivi sisi tunajengaje shule? Tunachangishana, tunasomba mchanga na mawe, tunanyanyua boma mpaka lenta halafu tunasubiri halmashauri ije kuezeka. Na ramani ni ile ile kila kata, vyumba vitatu vimepangwa kama mabehewa, ubao mbele, madawati yote yanaangalia ubao, kibaraza chembamba hata watu wawili kupishana shida. Sasa mtaala tangu 2005 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, ajadiliane na wenzake kwenye makundi, ashike vitu, wakati chumba chenyewe kinamwambia kaa, tazama mbele, nyamaza. Mwalimu ndo analaumiwa.

Kuna jamaa anaitwa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, joto la kule linazidi letu mbali sana. Utotoni alisoma kwenye darasa la giza, wamejazana, baadae akaenda Ujerumani na akiwa bado anasomea usanifu majengo Berlin akaanza kuchangisha hela ajenge shule kwao, ikaisha 2001. Aliposema tofali za udongo wanakijiji wakashtuka, yaani mtu katoka Ulaya anatuletea udongo? maana wanaujua, mvua ikija unayeyuka. Yeye akachanganya udongo na saruji kidogo, zikashindiliwa kwa mashine, na wanakijiji wenyewe ndo wakajenga. Ila utamu uko juu: dari ya tofali yenye matundu, halafu bati limenyanyuliwa kwenye kenchi za nondo, limeachana kabisa na dari na limetokeza nje sana, kwahiyo hewa ya moto inapanda inatokea kwenye matundu, upepo unapita kati ya dari na bati, ukuta haupigwi jua wala mvua, na feni hamna. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata, na kwa wasanifu hakuna kubwa kuliko hiyo.

Sisi bati tunapigilia kwenye kenchi basi, dari hamna. Saa nane mchana watoto wanasinzia, na Novemba mvua ikianza mwalimu anaandika tu ubaoni maana hata apige kelele hasikiki.

Na wala siyo lazima twende Burkina Faso, nendeni hapo Kwihara mkaangalie tembe alilokaa Livingstone 1872. Kuta nene za udongo, vyumba vimezunguka ua, ndani baridi hata mchana. Mimi nasema yale madarasa matatu yageuzwe yazunguke ua, baraza liwe pana kiasi cha kundi la watoto kukaa chini na kufanya kazi yao, ukuta wa nje upakwe rangi nyeusi uwe ubao, jioni wazazi wafanye mkutano hapo hapo badala ya kusimama juani. Najua mtauliza wezi, ua wa hivyo unahitaji geti moja tu.

Mengine hayana hata gharama. Urefu wa jengo uelekee mashariki na magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni litapiga ule upande mfupi usio na dirisha. Ni kugeuza kamba za msingi tu!

Halafu miti. Tachikawa, magharibi mwa Tokyo kule Japani, kuna chekechea ya Fuji ya mwaka 2007, paa lake la duara watoto wanakimbia juu yake, na miti mikubwa waliyoikuta pale wakaiacha, ikatoboa paa ikapanda zake. Paa la kukimbilia sisemi tujenge, bati zenyewe zinatutoa jasho. Ila sisi tukipata kiwanja kitu cha kwanza ni msumeno, tunakata mwembe wa miaka na miaka, halafu mwaka unaofuata tunagawa miche siku ya kupanda miti, jamani! Pimeni mti uko wapi kwanza ndo mchore msingi, na darasa la sayansi lifanyikie hapo chini yake.

Haya, mzee wangu wa kofia umenyoosha mkono tangu kwenye bati, karibu uulize.