Mkono wa Mzazi Ukae Mfukoni

Wazazi wenzangu, naanza na lile lile la kutomsahihishia mtoto mchoro wake, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Mtoto wa miaka 3 na nusu anakuja na karatasi: duara, macho mawili, na miguu inayoning'inia moja kwa moja kutoka kidevuni. Ni mama huyo! Mama anafurahi mpaka machozi yanamlengalenga, kisha anachukua kalamu: "Ngoja nikuonyeshe, tumbo linakaa hapa." Basi, kaharibu.

Tumbo halikusahauliwa. Mwulize mchoraji kitovu kiko wapi. Wengi watakugusia ndani ya lile duara, wengine katikati ya miguu. Tumbo lipo, ila halijazungushiwa mstari. Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea kule San Francisco, alikusanya michoro ya wadogo hawa maelfu kwa maelfu, na hatua za mwanzo zinafanana. Tangu mwaka 1 na nusu hivi ni mistari ya kwenda na kurudi, mkono mzima ukitokea begani. Kisha vinakuja vizunguko, kisha duara linalofunga. Msilidharau duara hilo: kulifunga ni lazima mkono ujue pa kusimama. Mtu wa kichwa na miguu hufuata, kati ya miaka 3 na 4.

Najua kuna baba hapo nyuma anajiuliza, nisipomsahihisha atajuaje? Atajua, baba. Kiwiliwili kitakuja, na kwenye miaka 5 au 6 utaona mstari wa ardhi chini ya karatasi na watu wamesimama juu yake. Ukimchorea wewe, kesho hakuletei mchoro, anakuletea kalamu: "Nichoree." Umeshajipatia ajira ya kudumu isiyo na mshahara.

Na "hii ni nini?" iacheni. Kwa mdogo kabisa mara nyingi si kitu, ni mkono tu ulikuwa unatembea. Sema unachokiona: "Nyekundu hapa umeikandamiza kweli." Halafu nyamaza. Atasimulia mwenyewe, tena utatafuta pa kutokea.

Vifaa, haraka haraka. Karatasi ya A4 ni finyu kwa mkono wa begani. Atamalizia mezani, nanyi mtamgombeza. Kunjueni boksi, bandikeni pembe zake sakafuni kwa selotepu.

Donge la kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kama kikombe 1, yamiminwe kidogo kidogo. Kanda mpaka liache kunata mkononi. Chumvi ya mawe inaacha vijishimo. Kitu kinene kuliko kidole, au kilichoanikwa juani, hupasuka, kwa sababu nje hukauka ndani kukiwa bado kubichi. Anika kivulini na ukigeuze. Ninyi wa pwani, chumvi hunyonya unyevu wa hewa na kitu kikalegea tena, kwa hiyo kikikauka kipakeni vanishi. Na mtoto asilile donge, chumvi yake ni nyingi mno.

Magari ya waya yenye magurudumu ya ndala nilitaka kuyafikia, ila mwenyekiti ameshatazama saa mara ya tatu. La mwisho basi: nyuma ya kila mchoro andikeni tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata kama kasema "tembo anapiga simu". Tumieni penseli, wino hupenya upande wa pili.